Transfoma iliyosubiri umeme ubadilike

Mwanzoni mwa mwaka 2012, katika stesheni ya Geneva, Uswisi, kichwa cha treni cha kupangia mabehewa kilirudi kazini kikiwa na badiliko ambalo abiria hawakuweza kuliona. Transfoma nzito iliyokuwa tumboni mwake ilikuwa imeondolewa. Mahali pake wahandisi wa kampuni ya ABB walifunga mtambo wa kielektroniki wenye uwezo wa kVA 1,200, uliopokea umeme wa volti 15,000 kutoka kwenye waya wa juu ya reli na kuushusha kwa kutumia transista zinazowaka na kuzima maelfu ya mara kwa sekunde. Ilikuwa mara ya kwanza duniani kwa transfoma ya namna hiyo kuvuta mabehewa kwenye reli inayotumika kila siku.

Wakati huo wazo lenyewe lilikwishatimiza zaidi ya miaka 40. Hataza yake ya kwanza ilitolewa Marekani mwaka 1970. Hadi leo, ukitazama juu ya nguzo Temeke, Kisumu au Lubumbashi, utaona transfoma ileile ya chuma, shaba na mafuta ambayo fundi wa mwaka 1930 angeitambua mara moja. Kwa nini wazo zuri lichukue muda wote huo kufika mtaani? Jibu limo katika historia ya namna binadamu alivyopambana na upotevu wa umeme, na katika mabadiliko ya umeme wenyewe tunaoutumia.

Pete ya Faraday

Tarehe 29 Agosti 1831, katika maabara ya Royal Institution jijini London, Michael Faraday alizungusha waya wa shaba kwenye pande mbili za pete ya chuma. Koili moja aliiunganisha na betri. Nyingine aliiunganisha na waya uliopita karibu na sindano ya sumaku. Kila alipounganisha betri au kuikata, sindano ilitikisika, ingawa koili hizo mbili hazikugusana. Umeme wa betri ulipotulia, sindano nayo ilitulia. Faraday alikuwa ameonyesha kwamba sumaku inayobadilika huzalisha umeme, na kwamba pasipo mabadiliko hakuna kinachovuka kutoka koili moja hadi nyingine.

Kwa nusu karne pete ile ilibaki kuwa kifaa cha maabara. Haja ya kuitumia mitaani ilikuja baada ya Thomas Edison kuwasha kituo chake cha Pearl Street, New York, tarehe 4 Septemba 1882. Edison aliuza mkondo mnyoofu, yaani umeme unaokwenda upande mmoja bila kugeuka, kwa msongo wa takriban volti 110. Umeme wa msongo mdogo haufiki mbali, maana waya hupata joto na joto hilo ni nguvu iliyopotea njiani. Ukipandisha msongo mara 10, mkondo unaohitajika kubeba nguvu ileile hushuka hadi sehemu moja ya kumi, na upotevu ndani ya waya hushuka hadi sehemu moja ya mia. Tatizo ni kwamba mkondo mnyoofu haukuwa na kifaa rahisi cha kuupandisha na kuushusha. Pete ya Faraday haikuweza kuusaidia, kwa kuwa haubadiliki. Wateja wa Edison ilibidi wakae karibu na mtambo, ndani ya takriban kilomita moja na nusu.

Mkondo geu, ule unaogeuka mwelekeo mara nyingi kwa sekunde, ndio uliokuwa mali ya pete hiyo. Mfaransa Lucien Gaulard na mwenzake Mwingereza John Dixon Gibbs walikuwa wa kwanza kuufanyia biashara kwa njia hii. Mwaka 1884, kwenye maonyesho ya Turin, Italia, walisafirisha umeme hadi Lanzo, umbali wa karibu kilomita 40. Mtambo wao ulikuwa na kasoro mbili: kiini chake cha chuma kilikuwa wazi, hivyo nguvu ya sumaku ilivuja hewani, na koili za wateja ziliunganishwa kwa mfululizo, hivyo mmoja akizima taa zake, mwanga wa jirani ulibadilika. Gaulard alinyang'anywa hataza yake mahakamani Uingereza na akafariki mwaka 1888 katika hospitali ya wagonjwa wa akili jijini Paris. Alistahili kukumbukwa vizuri zaidi ya hapo, kwa kuwa alionyesha njia kabla ya wengine kuisawazisha.

Waliosawazisha njia hiyo walikuwa wahandisi watatu wa kiwanda cha Ganz jijini Budapest: Károly Zipernowsky, Ottó Bláthy na Miksa Déri. Mwaka 1885 waliweka kiini kilichofungwa, ili nguvu ya sumaku izunguke ndani ya chuma tu, na wakaunganisha wateja sambamba, ili kila mmoja apate msongo uleule bila kujali jirani anafanya nini. Wao ndio walioipa mashine hiyo jina la transfoma. Machi 1886, katika mji mdogo wa Great Barrington, Massachusetts, William Stanley, aliyefanya kazi na George Westinghouse, aliwasha taa za madukani kwa umeme uliopandishwa kutoka volti 500 hadi 3,000 na kushushwa tena. Stanley alitumia mabamba membamba ya chuma yaliyopangwa moja juu ya jingine, mpango ambao viwanda viliweza kuutengeneza kwa wingi na kwa bei nafuu.

Hukumu ya mwisho ilitolewa Ujerumani mwaka 1891. Maporomoko ya mto Neckar huko Lauffen yalizalisha umeme uliosafirishwa kilomita 175 hadi kwenye maonyesho ya Frankfurt, kwa msongo wa takriban kilovolti 15. Kazi hiyo iliongozwa na Mikhail Dolivo-Dobrovolsky wa kampuni ya AEG na Charles Brown wa kampuni ya Oerlikon. Karibu asilimia 75 ya nguvu iliyotoka mtoni ilifika Frankfurt, ikawasha taa zipatazo 1,000 na kusukuma maji ya maporomoko ya kutengenezwa uwanjani. Tangu siku hiyo mkondo mnyoofu ulianza kurudi nyuma, na aliyeushinda ni transfoma.

Mshindani mgumu

Anayetaka kuiondoa transfoma ya chuma lazima kwanza akiri jinsi ilivyo bora. Haina sehemu inayozunguka. Haihitaji mwendeshaji. Mafuta yake hufanya kazi mbili kwa pamoja, kupoza koili na kuzuia umeme usiruke. Mwanzoni mwa karne ya 20, chuma kilichochanganywa na silikoni, matunda ya utafiti wa Robert Hadfield wa Sheffield, kilipunguza sana joto linalopotea ndani ya kiini. Mwaka 1934 Mmarekani Norman Goss alipata hataza ya njia ya kukiviringisha na kukipasha joto chuma hicho hadi chembe zake zikae kuelekea upande mmoja, ili sumaku ipite kwa urahisi zaidi.

Kwa hatua kama hizo, transfoma kubwa za vituo vya kupozea umeme zilivuka ufanisi wa asilimia 99, na zile za mitaani zikaukaribia. Mashine chache sana zilizowahi kutengenezwa na binadamu zinaweza kujivunia hivyo. Ikitunzwa, transfoma hudumu miaka 30 au 40. Ikizidiwa na mzigo hupata joto taratibu. Shoti ikitokea kwenye laini, huweza kuvumilia mkondo mkubwa mara nyingi kuliko wa kawaida kwa muda wa kutosha vifaa vya kukata umeme kufanya kazi yake.

Udhaifu wake ni uzito, na ububu wake. Haiwezi kusahihisha msongo unaoyumba, haiwezi kuzuia uchafu wa umeme wa upande mmoja usifike upande wa pili, na haiwezi kabisa kupokea mkondo mnyoofu. Hupitisha kile inacholetewa, kwa uwiano uleule wa mizunguko ya koili zake.

Ndoo na kopo

Uzito wa transfoma unatokana na jambo moja: masafa ya umeme, yaani idadi ya mara unazogeuka kwa sekunde. Gridi zetu hutumia masafa ya hezi 50. Chukua watu wawili wanaotakiwa kujaza tangi moja kwa muda uleule. Anayekwenda kisimani mara 50 atahitaji ndoo kubwa. Anayekwenda mara 20,000 atatosheka na kopo. Kiini cha chuma ndicho chombo hicho. Ukiongeza masafa, kila safari hubeba kidogo, na chombo kinaweza kuwa kidogo.

William McMurray, mhandisi wa kampuni ya General Electric, aliifanya hesabu hiyo kuwa mchoro wa mashine. Aliomba hataza mwaka 1968 na kupewa mwaka 1970. Mpango wake ulikuwa huu: swichi za kielektroniki ziukatekate umeme wa gridi hadi ugeuke kwa masafa ya juu, transfoma ndogo iubadilishe msongo, kisha swichi nyingine ziurudishe katika hali inayotakiwa. Swichi hizo zilikuwepo, kwa kuwa mwaka 1957 General Electric yenyewe ilikuwa imetengeneza thairista, kipande cha silikoni kinachoweza kufungulia umeme mwingi kwa ishara ndogo. Hapo ndipo transfoma ya kielektroniki ilipozaliwa.

Mwaka 1980 James Brooks, aliyefanya utafiti kwa ajili ya Jeshi la Wanamaji la Marekani, alichapisha majaribio ya transfoma isiyo na kiini kizito. Jeshi hilo lilikuwa na sababu ya kulipenda wazo hilo, kwa kuwa melini kila tani ina gharama. Hata hivyo thairista zilikuwa ngumu kuzima na swichi za wakati huo hazikuhimili msongo wa laini za kusambaza umeme. Mchoro ulikuwa sahihi, ila hapakuwa na vifaa vya kuujengea.

Upotevu unaojificha

Vifaa vilikuja kimoja kimoja, kila kimoja kutoka pembe yake. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 B. Jayant Baliga, mhandisi mzaliwa wa India aliyekuwa General Electric, aliunda transista inayojulikana kwa kifupi kama IGBT, inayobeba mkondo mkubwa na bado kuwashwa na kuzimwa kwa urahisi. Leo imo katika treni za umeme, inveta za sola na magari ya umeme, na mwaka 2024 Baliga alitunukiwa Tuzo ya Teknolojia ya Milenia ya Finland kwa kazi hiyo.

Mwaka 1991 Rik De Doncker, Deepak Divan na Mustansir Kheraluwala, waliokuwa Chuo Kikuu cha Wisconsin, walichapisha mpango wa saketi ambao hadi sasa ni moyo wa transfoma nyingi za kielektroniki. Makundi mawili ya swichi hutazamana, na katikati yao hukaa transfoma ndogo ya masafa ya juu. Kundi moja likicheleweshwa kidogo nyuma ya jingine, nguvu huvuka kuelekea upande unaochelewa. Ukibadilisha nani anachelewa, nguvu hugeuka na kurudi ilikotoka. Uzuri mwingine ni kwamba swichi zinaweza kuwashwa wakati msongo juu yake umeshuka hadi sifuri, hivyo hazichomi nguvu kila zinapofanya kazi. Bila hila hiyo, swichi inayowaka mara 20,000 kwa sekunde ingegeuka jiko.

Kiini nacho kilileta taabu yake. Chuma cha silikoni kinachofaa kwa hezi 50 huungua kwa masafa ya juu, kwa sababu mikondo midogo huzunguka ndani yake na kila mgeuko wa sumaku hudai ushuru wake wa joto. Wabunifu wakageukia feraiti, ambayo ni kauri yenye oksidi ya chuma, na baadaye aloi zenye chembe ndogo mno zilizotengenezwa na kampuni ya Hitachi Metals ya Japani mwishoni mwa miaka ya 1980. Waya wa shaba pia ulihitaji kufikiriwa upya, kwa kuwa kwa masafa ya juu umeme hukimbilia kwenye ngozi ya waya na kuiacha sehemu ya ndani bila kazi. Dawa yake ni waya wa nyuzi nyingi nyembamba, kila uzi ukiwa umepakwa kihami chake na zote zikasukwa pamoja.

Jambo gumu kuliko yote ni kwamba hasara hizi huzidishana. Transfoma ya kielektroniki ya gridi kwa kawaida ina hatua tatu: kuupokea mkondo geu na kuufanya mnyoofu, kuushusha msongo kupitia transfoma ndogo, kisha kuufanya geu tena kwa ajili ya mteja. Tuseme kila hatua ina ufanisi wa asilimia 98.5, ambao ni mzuri. Zidisha ufanisi wa hatua zote tatu pamoja, na jumla inashuka hadi takriban asilimia 95.6. Transfoma ya chuma iliyo juu ya nguzo inaishinda bila kufanya lolote la ajabu. Hapo mtu anaelewa kwa nini wabunifu hupigania hata nusu ya asilimia.

Udogo nao una bei yake. Msongo wa volti maelfu ukibanwa ndani ya kiini kinachokaa kwenye kiganja, kihami lazima kiwe chembamba, kiwe imara, na bado kipitishe joto. Mahitaji hayo matatu hugombana. Ndiyo maana mtambo wa Geneva uligawanywa katika seli tisa zilizounganishwa kwa mfululizo, kila moja ikibeba sehemu ya msongo, nane zikitosha kufanya kazi na ya tisa ikiwa ya akiba. Mtambo huo ulifaulu kwa sababu ya mahali ulipowekwa. Reli za Uswisi hutumia masafa ya hezi 16.7, theluthi ya masafa ya gridi, hivyo transfoma za treni zao ni kubwa na hupoteza karibu asilimia 10. Mtambo wa kielektroniki ulivuka asilimia 95.

Raleigh na Zürich

Mwaka 2008 Shirika la Taifa la Sayansi la Marekani lilifadhili kituo cha utafiti kiitwacho FREEDM katika Chuo Kikuu cha North Carolina State mjini Raleigh, ambako Baliga alikuwa profesa. Chini ya Alex Huang, kituo hicho kilitaka transfoma ya mtaani iwe na akili: ipokee umeme wa sola kutoka mapaani, ichaji betri, isawazishe msongo na kujitenga na hitilafu. Mwaka 2011 jarida la Technology Review la Taasisi ya Teknolojia ya Massachusetts liliiweka kazi hiyo kati ya teknolojia 10 zinazochipukia. Mwaka huohuo kampuni ya Cree, ya jimbo hilohilo, iliingiza sokoni transista ya silikoni kabidi. Silikoni kabidi huhimili msongo mkubwa kwa unene mdogo, huvumilia joto na huwaka na kuzima haraka kuliko silikoni ya kawaida. Wabunifu walipata kile ambacho McMurray hakuwa nacho.

Kisha ikaja hesabu ya kweli kutoka Zürich. Mwaka 2014 Jonas Huber na Johann Kolar wa chuo cha ETH walilinganisha transfoma ya kawaida ya kVA 1,000 na ya kielektroniki ya uwezo huohuo. Pale ambapo mkondo geu unaingia na mkondo geu unatoka, ya kielektroniki iligharimu angalau mara tano zaidi na kupoteza takriban mara tatu zaidi, huku uzito ukiwa karibu sawa. Lakini walipouliza swali la pili, yaani mkondo geu uingie na mkondo mnyoofu utoke, matokeo yalipinduka. Upotevu ulikuwa karibu nusu ya ule wa mfumo wa kawaida, na ukubwa na uzito vikashuka hadi karibu theluthi moja.

Ripoti hiyo inastahili heshima kuliko matangazo yote ya biashara, kwa kuwa inaonyesha mahali mtambo huu unapofaa. Hauna sababu ya kushindana na transfoma ya nguzo katika kazi ambayo transfoma ya nguzo imeifanya vizuri kwa zaidi ya karne. Kazi yake iko palepale ambapo mashine ya chuma haiwezi kufika bila msaada: kwenye mlango wa mkondo mnyoofu.

Umeme umebadilika

Na mlango huo umefunguka. Paneli ya sola hutoa mkondo mnyoofu. Betri huhifadhi mkondo mnyoofu. Simu, kompyuta, taa za LED na magari ya umeme vyote hula mkondo mnyoofu, hata pale gridi inapovipelekea geu. Kila kifaa hubeba kigeuzi chake, na kila kigeuzi hupoteza kidogo. Nchini Marekani kampuni ya Delta Electronics, ikisaidiwa na Wizara ya Nishati, ilitengeneza chaja ya magari ya kW 400 inayochukua umeme moja kwa moja kutoka laini ya msongo wa kati kupitia transfoma ya kielektroniki ya silikoni kabidi. Mwaka 2025 kampuni ya Nvidia ilitangaza mpango wa vituo vya data vinavyogawa mkondo mnyoofu wa volti 800, na kampuni changa kadhaa zimejitokeza kuuza transfoma za kielektroniki kwa ajili ya vituo hivyo. Mkondo wa Edison, ulioshindwa kwa kukosa transfoma, sasa umeipata.

Afrika Mashariki haiko nje ya habari hii. Njia ya umeme ya mkondo mnyoofu ya kilovolti 500 kutoka Wolayta-Sodo, Ethiopia, hadi Suswa, Kenya, yenye urefu wa kilomita 1,045, ilianza kazi mwaka 2022, na vigeuzi vyake vinategemea familia ileile ya swichi za silikoni. Gridi ndogo za sola na betri zinazidi kuongezeka vijijini, na pikipiki za umeme zimeingia Nairobi, Kigali na Dar es Salaam. Kote huko mkondo mnyoofu ndio unaozalishwa, kuhifadhiwa au kutumiwa. Zaidi ya hayo, mtambo usio na pipa la mafuta hauwavutii wezi wanaofyonza mafuta ya transfoma na kuacha mtaa mzima gizani.

Lakini hatuna budi kuwa wanunuzi wenye macho. Nchi zinazozunguka Ziwa Victoria zina radi nyingi kuliko sehemu nyingi za dunia, na swichi ya kielektroniki huweza kufa kwa shoti ya sehemu ndogo sana ya sekunde ambayo koili ya shaba ingeistahimili. Treni ya SGR ya Tanzania hutumia kilovolti 25 kwa hezi 50, hivyo faida waliyoipata Waswisi kwa masafa yao ya chini haiwezi kuhamishwa kama ilivyo. Transfoma za chuma zinatengenezwa na kukarabatiwa hapa kwetu, katika kiwanda cha TANELEC cha Arusha. Bodi ya silikoni kabidi ikiungua leo, itasubiri kipuri kutoka ng'ambo. Nchi isiyo na mafundi wa kuitengeneza itanunua akili ya mashine na kubaki na lundo la makasha yaliyokufa.

Kwa hiyo kazi ya kwanza iko vyuoni na kwenye karakana kabla haijafika kwenye zabuni. Vyuo vyetu vya uhandisi na vya ufundi stadi vifundishe elektroniki ya nguvu kwa uzito uleule ambao kwa miaka mingi vimeupa ufundi wa laini na koili. Mashirika ya umeme yakiletewa transfoma ya kielektroniki, yaulize maswali mawili ya Zürich: ni mkondo gani unaingia, na ni mkondo gani unatoka? Ukiwa geu kwa geu, na uzito si tatizo, chuma na shaba bado ni chaguo la busara. Ukiwa geu kwa mnyoofu, katika chaja ya mabasi, kituo cha data au ghala la betri, basi huo ndio wakati wa wazo la McMurray kufanya kazi ambayo lilizaliwa kuifanya.